Chombo Kimfuate Mtu, au Mtu Akifuate Chombo?

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hili hutajwa juu ya mtu mvivu ambaye, apatapo kazi, huanza kuulaumu mpini, na kwa mtu wa namna hiyo hapana shaka kwamba ni neno la haki. Lakini husemwa pia juu ya mtu asiye mvivu, ambaye mpini kweli umemchubua kiganja, na hapo, kwa maoni yangu, huwa limevuka mpaka wake. Kabla ya mkulima kulishika jembe palikuwa na mhunzi aliyelifua na mtu aliyelichongea mpini, nao ndio walioamua urefu wake na uzito wake. Swali ninalotaka kulitazama ni hili: kati ya chombo na mtu, ni nani aliye na wajibu wa kumfuata mwenziwe? Na ikiwa ni chombo, je, fundi autimize wajibu huo kwa kuamua mwenyewe lililo jema, au kwa kumwachia mtumiaji aamue?

Sitalitazama swali hili katika jembe, bali katika chombo kidogo zaidi, nacho ni burashi ya kunyolea ndevu. Msomaji asicheke. Chombo kiugusacho uso wa mtu kila asubuhi si kidogo kwa mwenye uso.

Burashi hii ni kitita cha nywele kilichotiwa gundi katika tundu la mpini. Kazi yake ni kushika maji, kuyachanganya na sabuni hata yafanye povu, na kulisugua povu hilo katika mashina ya ndevu. Ndevu kavu ni ngumu. Zikinywa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika, na wembe huzikata pasipo kuzivuta. Methali ituambiayo tutie maji zetu tuonapo mwenzetu akinyolewa hufundishwa kuwa ni onyo juu ya msiba ujao, na ndivyo ilivyo. Walakini aghalabu husahauliwa kwamba ndani yake mna elimu safi ya kinyozi. Nywele za burashi ni za namna nne: za nguruwe, za farasi, za mnyama wa Ulaya na Asia aliye wa ukoo mmoja na nyegere wetu, na nyuzi zinazotengenezwa viwandani. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndimo ulimokuwamo mtego ulioninasa.

Niliingia katika fikira hizi kwa sababu ya mjomba wangu. Alikuwa mwalimu, akastaafu zamani, na sasa umri wake umepita miaka 80. Hufuga ndevu za kidevuni na kunyoa mashavu na shingo, na kazi hiyo huifanya kwa mkono wake kabla ya sala ya Ijumaa na siku nyingine apendazo. Mikono yake imeanza kutetemeka na ngozi yake imekuwa nyembamba kama karatasi ya barua. Tulimshauri aende kwa kinyozi aliye hatua chache kutoka mlangoni pake. Akanijibu, "Kinyozi hajinyoi, mpwa wangu, lakini mimi si kinyozi." Basi tuliyafunga mazungumzo hayo.

Burashi yake ya miaka mingi ilikuwa ngumu, ikimkwaruza. Nilimnunulia nyingine laini, nayo ikawa laini mno. Maji ya kisima chake hutoka katika mwamba wa matumbawe, yana chokaa, na sabuni katika maji ya chokaa hugeuka utando mweupe kabla ya kukubali kuwa povu. Burashi laini ililala juu ya kipande cha sabuni kama kitambaa kilicholowa, isitoe kitu. Zaidi ya hayo, ngozi yake haikuwa ile ile kila siku. Siku ambayo ilikuwa nzima, aliutaka ugumu. Siku ambayo imechubuka, aliuogopa. Hapo nilipata wazo la kutengeneza burashi moja ambayo ugumu wake ungebadilika kwa amri ya mwenyewe.

Jambo lenyewe si muujiza. Unywele ulioshikwa mzizi na kusukumwa ncha ni kama ubao uliotokeza ukutani, na kanuni ya wahandisi ni kwamba ubao wa namna hiyo huzidi kukataa kupinda kwa kipeo cha tatu cha kufupishwa kwake. Kitita ambacho nywele zake zimetokeza nje milimita 55, kikifupishwa hata milimita 50, huongezeka ugumu kwa thuluthi moja hivi. Kikifupishwa hata milimita 45, ugumu huwa mara 1.8 ya ule wa kwanza. Kwa hiyo hapana haja ya kubadili nywele. Yatosha kupandisha pete inayozikumbatia kwa chini, na burashi ile ile inakuwa nyingine kwa umbali usiozidi upana wa kidole.

Nilichora mpini wa mpingo, mti ambao ni mzito hata huzama majini, na juu yake pete ya shaba ya manjano yenye kupanda kwa skrubu, kila mzunguko mmoja milimita mbili na nusu. Nilijiona mwenye akili nyingi. Mjomba alipoishika mikono ikiwa imelowa na sabuni, hakuweza kuizungusha hata nusu. Nilikuwa nimetengeneza chombo cha kumfuata mtu mwenye mikono imara, ambaye hakukihitaji. Mchoro wa pili uliacha skrubu kabisa: pete ina kijino kwa ndani, nacho hupita katika mfereji uliochongwa mpinini na kutulia katika mojawapo ya vituo vitatu, kama vile zile balbu za taa zenye vijino viwili zinavyosukumwa kidogo na kugeuzwa katika kishikio chake. Kusukuma kwaweza kufanywa na mkono unaotetemeka. Tena pete hiyo hutoka yote, maana kila mahali ambapo sabuni huingia na vidole haviingii hufanya kuvu.

Fundi aliyenikerezea mpini alikuwa mzee wa kazi hiyo, naye hakuupenda mchoro wangu. Alinambia maneno ambayo nimeyachukua kwa uzito kuliko mengi niliyosoma vitabuni. "Bwana," alisema, "mtu akinunua mchi kwangu, ananunua pamoja nao miaka yangu yote ya kujua mchi mzuri una unene gani. Wewe wataka kumpa mzee mashaka matatu mahali pa hakika moja. Kama hujui ugumu umfaao, kaa naye mpaka uujue, kisha nikereze mmoja."

Haya si maneno ya kupuuzwa. Yako mambo mengi katika ulimwengu wa leo ambayo huitwa uhuru wa kuchagua, na kwa kweli ni fundi aliyechoka kufikiri. Mwaka 1958 kampuni ya Gillette ya Marekani ilitoa mashine ya kunyolea ambayo mtu aligeuza shingo yake kutoka namba 1 hata namba 9, na wembe ukajitokeza kidogo au sana. Ni chombo kizuri, na wapenzi wa vitu vya kale wanakitafuta hata leo. Lakini sidhani kama iko mashavu yenye hali tisa. Mtu anayepewa vituo tisa ambapo vitatu vingetosha hupewa na shughuli ya kujiuliza kila asubuhi kama hakukosea jana, na fundi, akilaumiwa, huweza kusema kwamba kosa ni la aliyechagua namba. Hivyo lawama huhama kutoka kiwandani kwenda bafuni pasipo mtu kuona ilipopita.

Hata hivyo sikukubaliana na mzee, wala sikubaliani naye sasa. Alichoniambia kinasimama juu ya dhana kwamba yuko mtu mmoja, ambaye fundi akikaa naye vya kutosha atamjua. Mwaka 1952 mtaalamu wa jeshi la anga la Marekani, Gilbert Daniels, alitoa taarifa juu ya vipimo vya miili ya wanajeshi 4,063 wa jeshi hilo. Alichukua vipimo kumi, akauliza ni wangapi miongoni mwao walio wa kadiri ya katikati katika vyote kumi. Hakupatikana hata mmoja. Viti vya marubani vilivyokuwa vimetengenezwa kwa mtu wa wastani vilikuwa vimetengenezwa kwa mtu asiyezaliwa. Na ikiwa watu 4,063 hawakumtoa mtu mmoja wa wastani, basi hata mtu mmoja kwa siku 4,063 hamtoi. Mjomba wa Ijumaa si mjomba wa Jumatatu. Fundi angekaa naye mwaka mzima, akaujua uso wake wa mwaka huo, kisha akakereza burashi ya mtu aliyekwisha kupita.

Tena liko jambo la nani ajuaye. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alisema kwamba mpiga zumari ndiye amwambiaye mtengeneza zumari ni ipi njema na ni ipi mbaya, kwa kuwa yeye ndiye aitumiaye. Watu wetu hawakumngojea Plato. Walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ulaini wa burashi hauko katika burashi peke yake. Uko mahali ambapo ncha ya unywele hukutana na ngozi, na mahali hapo fundi hawezi kufika. Aweza kupima milimita, aweza kupiga hesabu ya kipeo cha tatu, lakini kuumwa kwa shavu la mtu hakumo katika hesabu yake. Kumwachia mtu aamue juu ya jambo ambalo yeye peke yake ndiye anayelihisi si uvivu wa fundi. Ni adabu yake.

Nilikuwa nimefika hapo, nami nikidhani kwamba swali limekwisha, nilipofanya kazi ndogo ya mwisho ya kupima unene wa nywele za burashi ya zamani ya mjomba. Nilichomoa nyuzi tatu nikazitia chini ya kioo cha kukuzia. Ncha zake zilikuwa zimepasuka panda mbili na panda tatu. Singa ya farasi haipasuki hivyo, wala nywele za yule jamaa wa nyegere, hizo huchongoka. Ncha yenye panda ni alama ya manyoya ya nguruwe. Chini ya mpini palikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kufifia, yasemayo kwamba burashi ile ni ya nywele safi. Sina hakika kama yuko mtu aliyelitumia neno "safi" kwa ukatili zaidi pasipo kukusudia ukatili wowote.

Msomaji asiye wa pwani, au asiye Mwislamu, asidhani kwamba hili ni jambo la kuchukiza pua tu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, nguruwe ni najisi nzito, na kiguswacho nacho penye unyevu huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mjomba wangu alikuwa ameusugua uso wake kwa kitu hicho, tena penye maji, kisha akaenda msikitini, kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Wala jambo hili si lake peke yake. Februari 2017 serikali ya Malaysia ilikamata madukani burashi za rangi zaidi ya 2,000 zilizodhaniwa kuwa za manyoya ya nguruwe na kuuzwa pasipo kutajwa hivyo.

Nikakumbuka na habari nyingine, ya kutisha zaidi, kwa kuwa yenyewe ilidhuru mwili. Kabla ya vita vya 1914, nywele za farasi kutoka Siberia na Uchina zilipitia Ujerumani kuchaguliwa na kusafishwa kabla ya kufika kwa watengeneza burashi. Vita vikaifunga njia hiyo. Nywele zikaenda moja kwa moja, majeshi yakihitaji burashi nyingi kwa haraka, na nyingine zikatiwa rangi zifanane na zile za bei ya juu. Ndani yake zilikuwamo mbegu za kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu waujua vema. Kati ya 1915 na 1924 wagonjwa zaidi ya 200 walihesabiwa katika Uingereza na Marekani, wengi wao askari, waliopata kimeta kwa burashi za kunyolea. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa burashi zitokazo Japani. Askari aliyekufa kwa kidonda kilichoanza shavuni angeweza kuwa na burashi yenye vituo tisa, au tisini. Hakuna hata kimoja ambacho kingeandikwa "bila kimeta".

Hapo ndipo nilipoona kwamba mimi na mzee mkereza tulikuwa tukibishana juu ya nusu ya jambo. Burashi ina sifa ambazo ngozi huzihukumu yenyewe papo hapo: ugumu, ulaini, joto, wingi wa povu. Ina na sifa ambazo ngozi haziwezi kabisa: nywele zilitoka kwa mnyama gani, zilioshwaje, mnyama huyo alikufaje. (Juu ya hili la mwisho, mwaka 2018 watetezi wa wanyama walitangaza picha walizopiga Uchina za wanyama wale wa ukoo wa nyegere wakifugwa katika vizimba vidogo na kuuawa kwa ajili ya burashi, na baadhi ya makampuni ya Magharibi yakaacha kuziuza.) Katika sifa za kwanza fundi hana haki ya kuamua peke yake. Katika za pili hana haki ya kutoamua, na akiisha kuamua hana haki ya kunyamaza. Mzee alikosea kuutia ugumu katika fungu la pili. Mimi nilikuwa karibu kukosea kinyume chake, maana nilishughulika sana na pete hata sikuuliza nyuzi nitakazozitia zatoka wapi.

Bado palikuwa na mashaka mengine, nayo hayakuwa ya falsafa. Je, nimwambie? Burashi mpya ilikuwa karibu tayari. Ningeitia nyuzi za kiwandani, za jamii ile iliyoanza na nailoni mwaka 1935, ningempelekea, ningeichukua ile ya zamani nikaichoma moto, na mzee angemaliza siku zake katika amani. Ni nani angedhurika? Asiyejua hana lawama, na yeye hakujua. Nilikaa na hoja hiyo jioni nzima, na kadiri nilivyoigeuza ndivyo ilivyozidi kuwa nzuri, jambo lililonitia shaka nayo. Kisha niliona ilikuwa hoja ya nani. Ilikuwa ya yule aliyechapa neno "safi" chini ya mpini. Yeye naye, kama angeulizwa, angesema kwamba mnunuzi hakuuliza, na kwamba burashi ilitoa povu jema. Ningekuwa nimempa mjomba vituo vitatu vya shavu lake, na katika jambo lililo kubwa kwake kuliko shavu ningekuwa nimempa kituo kimoja, nacho nimekikaza mimi.

Nilikwenda kwake alasiri. Nilimwamkia, nikamwambia yote, na ile burashi nikaiweka juu ya gazeti. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza nimejuaje, nikampa kioo cha kukuzia, akatazama, mkono wake ukitetemeka hata nikawa nimeushika. Aliona zile panda.

"Aliyeniuzia amekwisha kufa," alisema. "Labda naye hakujua."

Nikamwambia kwamba nilikuwa nimefikiri kunyamaza.

"Ungalinyamaza," akanijibu, "ungalinifanya mtoto, mpwa wangu. Nimekuwa mzee, sijawa mtoto." Kisha akaagiza aletewe udongo wa uani katika bakuli, na maji.

Burashi mpya ilikamilika baada ya majuma mawili. Nilimwomba mkereza achonge kwa chini, mahali palipokuwa na neno "safi" katika ile ya zamani, maneno haya: NYUZI ZA KIWANDANI, HAPANA MANYOYA. Alisema kwamba mpingo ni mgumu na herufi ni nyingi. Nilimlipa kwa herufi. Alipomaliza aliigeuza mkononi, akaisukuma pete mpaka kituo cha pili, akaivuta tena mpaka cha kwanza, akanirudishia pasipo kusema neno, nami sikumdai.

Mjomba alimwita mjukuu wake amsomee yale maandishi, maana ni madogo kwa macho yake, na alipokwisha kusomewa alitaka kujua nani alimfundisha mkereza kuandika vizuri hivyo. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwamkia niliikuta burashi dirishani, pete imo katika kituo cha kwanza, kilicho laini kuliko vyote, na sabuni imekauka ndani yake kwa kuwa hakuitoa kuiosha. Niliivua, nikaiosha, nikairudisha pale pale nilipoikuta.